Hamimu, Mtu wa Nyuma

Mwaka umezunguka, Hamimu, tangu Mola alipokuita ukiwa pale kwenye kibanda chako cha Jabe, umetoka kuswali alasiri, gurudumu la baiskeli ya mtu likiwa bado magotini mwako. Mwenye gurudumu alipokuja kulichukua alikukuta umefunikwa kitenge cha muuza ndizi jirani yako, naye akaketi chini na wenzake waliokuwa wameketi. Habari ya gurudumu hakuiuliza. Mdogo wetu Ilyasi alikuja kulimaliza baada ya arobaini, na mpaka leo anasema lilikuwa limebaki spoku moja tu kukazwa.

Ninayeandika ni mimi dada yako Mwavita, kwa niaba ya nyumba nzima. Wamenipa kazi hii kwa sababu, wanasema, mdomo wangu hauna breki. Maneno hayo ni yako mwenyewe, na hata mbele ya wageni hukuona haya kuyasema. Basi leo utanisikiliza, na watakaosoma nao wasikie, maana mwaka huu nyumbani kwako kumetokea jambo, na haifai ulipate kwa watu wa nje.

Kwanza tukukumbuke ulivyokuwa.

Ulikuwa mtu wa mikono myeusi na kanzu nyeupe. Mkeo Mwantum alikuwa akisema sabuni yote ya mtaa wetu wa Buyenzi inaishia kwenye kucha zako. Mtu akikuletea baiskeli, au kinga kama wasemavyo wenzetu waliotoka Kongo, unaigeuza juu chini, unazungusha gurudumu, unasogeza sikio, unafumba macho. Mwenyewe akianza kukueleza ugonjwa wake, unamwinulia kidole anyamaze. Kisha unasema, "Inalilia hapa," na kweli inakuwa hapo. Chai yako ilikuwa na tangawizi ya kuwasha masikio, redio yako ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, na kuku wa jirani walikuwa maadui zako kwa sababu walikuwa wakidonoa gololi zako wakidhani ni punje. Wanawake wa Buterere waliokuja sokoni na mpunga juu ya baiskeli hukuwaweka kwenye foleni. Ulisema wametoka mbali na jua linapanda, na waliokuwa wakingoja walinung'unika wakazoea.

Lakini Jumapili hukuwa fundi. Jumapili ulikuwa mtu wa barabara.

Kikundi chenu kilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Walikuwemo mafundi wetu wa Buyenzi, wauza mitumba wa Jabe, mwalimu mmoja mnene, muuguzi mmoja mwembamba, na watu wa kanisa ambao hukukubali kamwe kuondoka kabla hawajatoka misa ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani nao waliendesha safari fupi kwa ajili yenu, na hakuna aliyefungua chupa ya maji mbele ya macho yako, ingawa uliwaambia wanywe tu, kiu si ya kwao. Mkikutana mnapita Buterere, maji ya mpunga yakiwa pande zote mbili, halafu bonde la Imbo linafunguka, barabara imenyooka mpaka inachosha macho, milima ya Kongo huku na vilima vya Bubanza kule. Kwenda ni raha. Kurudi ndiyo kazi, kwa sababu upepo wa ziwa unakuwa usoni, na mnapokezana kuukata, huyu akichoka anaingia yule.

Siku ya kiboko hatujaisahau. Alitoka kwenye matete karibu na mto Rusizi, akasimama katikati ya barabara, kati yako na wenzako. Wenzako walikanyaga kama wanaodaiwa na shetani. Wewe ukashuka, ukaegemea baiskeli, ukangoja. Walipokuuliza baadaye kwa nini hukupiga hata kelele, ulisema, "Mwenye nyumba anapita, mi ni nani nimupigie kengele?"

Na mara moja kwa mwaka, baada ya Idi, mlishika njia ya ziwa kwenda Rumonge. Mji ule uliupenda kama mtu anavyompenda bibi yake. Uliwashusha wenzako kwenye baiskeli, ukawatembeza kwa miguu kwenye vichochoro vya zamani, ukisalimia kila kizee kizingitini, na kila kizee akikukalisha. Mwalimu yule mnene alikuwa akilalamika kwamba safari ya Rumonge ni baiskeli nusu na shikamoo nusu. Vilima navyo uliviheshimu kwa namna yako. Mkipandisha taratibu, wale jamaa wa milimani wanaoshusha ndizi na makaa wakipita na mizigo mikubwa kuliko wao, ulikuwa unavua kofia. Ulisema hao ndio mabingwa, sisi tunapunga hewa tu.

Mahali pako palikuwa nyuma. Wageni walidhani unaachwa, wakakuonea huruma, nawe ukaipokea huruma yao kwa adabu. Wenyeji walijua. Hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuwa nyuma yako. Mwenye kuchoka ulichoka naye, mwenye pancha ulichuchumaa naye, na kwenye kile kifuko chako cha kiunoni palikuwa na viraka, gundi, ndizi mbivu na kipande cha sukari guru. Kule mbele alikuwa Ilyasi, ambaye alizaliwa na haraka. Kati yako na yeye palikuwa na kengele.

Kengele ile ya shaba ilikuwa ya marehemu baba yetu. Kila mkivuka daraja, kila mkimaliza mteremko, uligonga mara mbili. Aliye mbele yako akagonga yake, na wa mbele yake, na wa mbele yake, ikapanda mstari mzima hadi kwa Ilyasi. Maana yake: wote tupo, songa. Ilyasi asipoisikia anasimamisha watu. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kugeuza shingo. Miaka yote ile watu wazima wenye akili zao waliendesha baiskeli bila kutazama nyuma, kwa sababu nyuma ulikuwepo wewe.

Mwantum alikujua zaidi kwa kengele ile kuliko kwa sura. Jumapili jioni aliketi mlangoni, chupa ya chai kando, akiwahesabu wenzako wakipita mmoja mmoja kwenda makwao. Wewe ulikuwa wa mwisho siku zote. Wakati mwingine magharibi ilimkuta hapo, akasimama kuswali, akarudi. Akisikia kengele kwenye kona ya barabara yetu, ananyanyuka na kukunja uso, ili ukifika umkute amekasirika. Aliwahi kukuuliza mbele yangu, "Hivi huko nyuma kuna nini, wewe?" Ukamjibu, "Kuna watu." Alikununia wiki nzima.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulipozikwa, Mwantum aliingia eda. Baiskeli yako aliitundika ukutani, chumba kile kile alichokaa, na kengele akaifungua kwa mikono yake, akaiviringisha kwenye kanga, akaifungia sandukuni. Kikundi kilikaa muda bila kutoka. Kiliporudi barabarani, walifanya kitu ambacho nilipokiona nililia, na sikuona kosa lake. Walijipanga kama kawaida, na nyuma kabisa wakaacha nafasi. Wakasema ile ni ya Hamimu, haikaliwi. Waislamu wakasoma Fatiha, Wakristo wakapiga ishara ya msalaba, wakaondoka. Kengele nazo wakaziacha, kwa sababu zilianzia kwako, na nani angejitia kuzianzisha?

Binti yako Houda alitaka kukaa nyuma. Unamjua. Ndiye uliyemkalisha kwenye keria ya baiskeli kabla hajaota meno ya mbele, na sasa ni msichana mkubwa, anauza dawa kwenye famasi ya Kigobe, amevaa koti jeupe. Alimwomba Ilyasi. Ilyasi akamwambia, "Nafasi ya muzee haiguswi, mwanangu. Ni heshima." Houda akaja kwa mama yake. Mwantum alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

"Apana," akasema.

"Mama, mi siombi mbele. Naomba nyuma tu."

"Ndiyo hiyo nyuma ninayoikataa. Mbele nenda, katikati nenda. Huyo wa nyuma ndiye anayefika usiku. Lori linatoka nyuma, mvua inamkuta nyuma, na mwenye kumngoja anakaa hapa mlangoni anakufa kidogo kidogo. Nimemngoja mmoja, Houda. Wa pili sitamngoja."

Houda hakubisha. Alikuja kwangu akaniambia, "Shangazi, si kwamba nataka kuwa baba. Nikiwa katikati najisikia kama nimekaa kwenye kiti nimempa mgongo mgeni." Nilimwambia amwache mama yake apoe. Ndivyo alivyokaa katikati, mwezi baada ya mwezi, kwenye kibaiskeli chake kile chekundu, akiizuia shingo isigeuke. Ila kifuko cha kiunoni alikivaa, na ndizi zake ndani. Hilo hakuliombea ruhusa kwa mtu.

Ikafika Jumapili ya Bubanza, mvua za kwanza zilipoanza.

Rafiki yako Murhula alikuwemo. Wasiomjua niwaeleze: Murhula ni yule Mshi wa Bukavu, kule Kongo, aliyevuka mpaka wa Gatumba miaka ile ya kukimbia vita, akisukuma baiskeli yenye gurudumu lililopinda, juu yake godoro, juu ya godoro mtoto wao Trésor, na mkewe Pascaline akitembea kando. Ulimkuta kando ya barabara, ukamnyooshea gurudumu pale pale kwa kulikanyaga na kulipiga na jiwe, ukamleta hadi Jabe ukiwa nyuma yake. Pascaline aliwahi kuniambia kwamba siku ile hakuogopa kitu, kwa kuwa kila akigeuka alikuona. Leo Murhula ni mzee wa mitumba sokoni, ugonjwa wa sukari unamsumbua, na anakwenda polepole. Wewe ulipokuwepo, polepole yake haikuwa na shida.

Walipandisha salama. Bubanza walikula mihogo, wakacheka, wakaanza kushuka. Na mteremko unaujua, kila mtu anakuwa mtoto. Simu zote zilikuwa kwenye begi la Ilyasi, zimefungwa nailoni kwa ajili ya mvua, kama mlivyozoea. Mvua ikawashika katikati ya njia, wakakaza hadi Muzinda, kule bondeni, wakajibana kwenye baraza la duka, wakaagiza chai.

Houda hakuigusa chai yake. Alitazama sura zile zinazochuruzika maji, akarudia kuzitazama.

"Baba mdogo," akamwambia Ilyasi, "mzee Murhula yuko wapi?"

"Si yuko nyuma?"

"Nyuma na nani?"

Hapo, Hamimu, vikombe vikashuka. Houda anasema aliona watu wazima wakigeuza shingo zao pamoja kutazama barabara, na barabara ilikuwa tupu, inanyeshewa. Walikuwa wamekuachia nafasi yako, na wakamwacha Murhula ndani yake. Kila mmoja moyoni alikuwa ameshazoea kwamba mchovu ana mtu wake. Hawakuwa wabaya. Walikuheshimu kiasi cha kusahau ulikuwa unafanya nini pale.

Ilyasi alijaribu kujipa moyo, akasema pengine mzee ameingia kwa mtu kunywa pombe ya ndizi, mvua ikikatika atatokea. Houda alikuwa ameshapanda baiskeli. Ilyasi akamwita, "We Houda, mama yako ataniambia nini?" Houda alikanyaga kupandisha kule alikotoka, mvua usoni, bila simu, na anasema alichokiogopa si lori wala giza. Alimwogopa mama yake, na alimwogopa zaidi Pascaline, atakayeulizia mume wake.

Alimkuta mbali, kwenye michikichi, chini ya kona ile kali. Ameketi kwenye majani, mgongo kwenye mti, baiskeli imelala kando, midomo imepauka. Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya mvua. Houda akapiga magoti, akamenya ndizi, akamlisha vipande vidogo, akamwekea sukari guru ulimini, kama alivyokuona wewe ukifanya mara ngapi. Baada ya muda macho ya mzee yakatulia.

"Nilijua mutu wa nyuma atakuya," Murhula akasema. "Macho yalipoanza kuona giza nikakaa, nikasema nimungoje Hamimu."

Houda akamenya ndizi ya pili.

"Halafu nikakumbuka kama Hamimu amekufa," akasema. "Nikalia kidogo. Halafu nikaendelea kungoja tu, mutoto wangu. Nitafanya nini?"

Houda alilia naye pale pale, na mvua ikaficha. Kisha akamwinua. Walishuka kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli mbili, mzee akimshika bega, kila kona wakipumzika.

Huku nyumbani alasiri ilikuwa imekwisha. Ilyasi alibaki Muzinda kuwangoja, wengine akawatuma mjini kutoa habari. Gari la kuwafuata halikupatikana. Siku hizi mafuta ya gari ni kitendawili, nani atakupa lita zake. Walimwambia Mwantum wakiwa wamesimama mlangoni na kofia mikononi. Hakupiga kelele. Alichukua kile kigoda, akakiweka pale pale alipokuwa akikiweka Jumapili zako zote, akaketi. Nikaketi naye. Sikuwa na la kusema, na unajua hilo kwangu ni nadra.

Pascaline alifika kwa miguu kutoka Jabe, kitambaa kichwani kimelowa. Mwantum alimtazama, akasema kwa ukali, "Mama Trésor, mumeo amenichukulia mtoto."

Nilitamani ardhi inimeze. Pascaline hakukasirika. Alijisogeza akaketi chini, karibu na mguu wa Mwantum.

"Mama Houda," akasema, "mi kila Jumapili nilikuwa nalala mapema. Unajua? Nilikuwa naweka chakula, nafunika, nalala. Sikuwahi kumungoja Murhula hata siku moja. Nilijua we unangoja. Ulikuwa unangoja hapa kwa ajili yangu, na mi sijakuambia asante."

Mwantum alitazama kona ya barabara, akatazama tena. Magharibi ikaadhiniwa, tukaswali kwa zamu ili mlango usibaki peke yake, na Pascaline akasali rozari yake kwenye kizingiti. Nilipotoa salamu niliwakuta wameshikana mikono, na sikumbuki kuwaona wakifanya hivyo hata msibani kwako.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Giza lilikuwa limeshaingia. Kutoka kule kwenye kona ilikuja sauti ya Ilyasi, imekauka, "Houda?" Na nyuma, mbali kidogo, sauti ya mtoto wetu, "Tupo." Hatua chache mbele, tena: "Houda?" "Tupo." Walikuwa wamekuja hivyo bonde zima tangu Muzinda. Ilyasi mbele na tochi, Murhula katikati, Houda nyuma. Kengele hawakuwa nayo, wakatumia makoo.

Mwantum alinyanyuka. Nilingoja akunje uso kama alivyokuwa akikukunjia wewe. Alijaribu, wallahi, nilimwona akijaribu, na uso ukakataa. Alimimina chai akampa Murhula kwanza, akampa Ilyasi, na alipofika kwa Houda alikikamata kichwa cha mtoto kwa mikono miwili, na chai ikamwagika.

Asubuhi yake nilipokuja kuwajulia hali nilikuta baiskeli yako haipo ukutani. Ilikuwa uani, imegeuzwa juu chini, na Mwantum amechuchumaa mbele yake. Kanga imetandikwa chini, kengele juu ya kanga. Alikuwa ameisugua kwa majivu hadi inang'aa.

"Wifi," akaniambia, "nipe ule ufunguo wa kumi."

Nikampa wa kumi na mbili. Mimi vyuma sivijui. Akanirudishia na kicheko kidogo, cha kwanza tangu uondoke, akauchukua mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa akikutazama ukifanya kazi na kukusema, kumbe alikuwa anajifunza. Aliifunga kengele kwenye usukani, akaikaza, akaijaribu. Houda akatoka chumbani mbio, nywele hazijafungwa, na nadhani sote watatu kwa kufumba na kufumbua tulidhani ni wewe.

"Kiti nimekishusha," Mwantum akamwambia. "Baba yako alikuwa na miguu mirefu."

Houda akaushika usukani.

"Mi sijasema siogopi," mama yake akaendelea. "Nitaogopa kila Jumapili. Lakini kuogopa nimezoea. Ukifika kwenye kona ugonge. Usiponigongea, kesho yake baiskeli inarudi ukutani."

Ndiyo habari, mdogo wangu. Tangu siku ile nafasi yako haiachwi wazi tena. Mwanzoni wako walionuna, wakasema tumekufuta upesi. Murhula ndiye aliyewanyamazisha. Alisema Hamimu hakuwa anapenda ile nafasi, alikuwa anatupenda sisi, na kama kuna anayebisha abaki siku moja chini ya michikichi na mvua. Sasa kengele inaanzia kwa Houda, inapanda, mwalimu mnene anaipokea, muuguzi anaipokea, inafika kwa Ilyasi. Ilyasi naye amejifunza kugeuza shingo. Anasema inamuuma, ilikuwa na kutu.

Ijumaa hii baada ya alasiri tunakusomea hitima hapa nyumbani Buyenzi, na majirani wa dini zote wamealikwa kwenye pilau. Jumapili, watu wakitoka misa ya kwanza, kikundi kinakwenda Bubanza kwa njia ile ile. Murhula amesema atakuwepo. Pascaline amesema atakuja kukaa na Mwantum mlangoni, na ameahidi kuja na kigoda chake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwantum, ambaye bado anapika chai ya tangawizi nyingi kuliko wanywaji. Binti yako Houda. Mdogo wako Ilyasi, anayekaa kibandani pako Jabe na kugombana na kuku wale wale. Murhula, Pascaline na nyumba yao. Wenzako wote wa Jumapili. Akina mama wa mpunga wa Buterere. Na mimi dada yako Mwavita, ambaye leo nimejaribu kushika breki. Mola akupe kivuli na njia tambarare. Kila tutakapogeuka nyuma, siku zote za maisha yetu, tutakukumbuka.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Mwantum amenitaka nimsomee yote, kisha amesema niongeze neno lake, kwa sababu anakujua, huwezi kutulia bila kulisikia.

Wote wamefika, Hamimu. Pumzika.